Moshi wa Gotthelf

Bwana Uhlig huziuza kwa rundo, kama nguo za marehemu:
manowari za mvuke, karatasi zimeingia rangi ya chai,
magurudumu ubavuni, mizinga imetoa midomo,
na matanga yangali yamekunjwa milingotini,
maana enzi zile hakuna nahodha
aliyeuamini mvuke moja kwa moja.

Jumapili, Leipzig, mvua ya rasharasha.
Bahari iko mbali.
Nilikuwa natafuta birika.

Nikaiona Gudrun.
Niliijua kabla ya kusoma jina,
kwa ile mistari myeupe, myembamba kama uzi wa buibui,
inayokata anga na mawimbi vipande sita.

Nieleze. Habari za vita hazikungoja.
Mchoraji alichora juu ya gogo la mti mgumu,
gogo likafunguliwa skrubu, likagawanywa:
wewe chukua omo, wewe tezi,
Reinhold mpeni bendera, mkono wake hautetemeki,
na wewe Gotthelf Zschoche, moshi.
Kila mara moshi.
Usiku kucha watu sita wakaichonga meli moja,
kila mtu na kipande kisichozidi kiganja.
Alfajiri skrubu zikakazwa,
meli ikaungana kama jamaa mezani: kwa kubanwa.

Gotthelf ni babu wa babu yangu.
Bahari hakuwahi kuiona.
Maji aliyoyajua ni yale ya tufe la kioo
lililosimama kati ya taa na mkono wake,
likikusanya mwanga uwe doa moja, dogo kama sarafu.
Ndani ya doa hilo aliishi miaka thelathini na mmoja.
Jicho la kulia lilitangulia kwenda.

Na moshi, alivyonieleza bibi, hauchongwi.
Unachonga mwanga unaouzunguka.
Palipo peusi ni pale patasi ilipojizuia.
Pafukapo moshi pana moto, wanasema;
kwake palifuka miaka yote hiyo
na jiko la nyumbani lilikuwa baridi.

Siku ya Gudrun mchoraji alikuwa na haraka,
akaacha juu ya bomba doa la wino tu, fanya utakavyo.
Gotthelf akainua macho dirishani.
Kiwanda cha nyuzi ng'ambo ya mfereji kilikuwa kinafuka.
Akaufuata moshi ule mkunjo kwa mkunjo,
akasahau kwamba gogo ni kama kioo:
cha kulia, karatasini, hutokea kushoto.

Ndiyo hii. Bendera ya Reinhold inapepea kwenda mashariki,
moshi wa babu unakwenda zake magharibi.

Mabaharia wa Kiel waliandika barua za kucheka.
Akakatwa ujira wa siku nne.
Kwetu mtu akipotea njia, akivaa soksi nje ndani,
mpaka leo huambiwa: huo ni moshi wa Gotthelf.
Nilikua nikidhani ni msemo wa watu wote.

Bwana Uhlig akaniona nimeganda.
"Hiyo ina kasoro," akasema, mtu mwaminifu,
akachomoa nyingine chini ya rundo: toleo la pili,
moshi umegeuzwa, kila kitu mahali pake.
Bei ileile, yuro kumi na nane.

Nikaziweka sambamba.
Ile safi aliichonga mtu mwingine, mistari imekwenda kwa rula.
Kwenye hii, kona ya juu, mistari inapinda, inasita, inarudi,
na mahali pamoja patasi imeteleza:
unywele mmoja mweupe katikati ya weusi.
Labda kikohozi. Labda mtoto alimwita.

Sitasema alikuwa akiipinga vita.
Alikuwa amechoka, na dirisha lilikuwepo.

"Nipe yenye pepo mbili," nikasema.
Akaifunga kwa gazeti la jana, mvua isiipate.
Birika sikununua.